Kambi za Chuoni na Kambi za Mbali: Ni Nani Amfuate Mwenzake?

Katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, kambi ya chuoni, yaani mazoezi ambapo wachezaji wa sekondari huonyesha uwezo wao mbele ya makocha wanaotafuta wachezaji wapya, humpa kocha nafasi ya kumwonyesha kijana uwanja, mabweni na gimu, lakini nauli na malazi hubaki mzigo wa familia. Chuo kilichozungukwa na vipaji, kama vile vya majimbo ya kusini, hunufaika bila kutoka nyumbani.

Kambi za mbali huigeuza safari hiyo, kwa kuwa kocha ndiye anayemfuata kijana. Jim Harbaugh, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan, alizitumia sana mwaka 2015 na 2016, ilhali mwaka 2015 makocha wa SEC na ACC, ligi mbili kubwa za vyuo, walikuwa wamezuiwa na kanuni za ligi zao wenyewe. Aprili 2016 baraza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, lilizipiga marufuku, na kabla mwezi haujaisha bodi ya chama hicho ikaufuta uamuzi huo. Naamini ilitenda haki. Kijana anapokimbia yadi 40 mbele ya safu ya makocha walioshika saa za kupimia muda, wa chuo kikubwa asipomtaka, wa chuo kidogo aliyesimama kando yake anaweza kumpa ufadhili wa masomo, na chuo hicho kisingekuwa na bajeti ya kumtafuta mji kwa mji.

Gharama yake ni uchovu wa makocha na siku nyingi mbali na wachezaji walio nao tayari. Kanuni za 2017 ziliweka kikomo cha siku 10 katika Juni na Julai, tena kwenye viwanja vinavyotumiwa na vyuo, na hapo kijana anayeishi mbali na chuo chochote akarudi kutafuta nauli.