TAHADHARI: Muuza vifaa vya kuzamia vilivyotumika, yule wa Kigamboni

Jamani wazamiaji wenzangu, hasa nyinyi mnaotafuta seti ya kwanza kwa pesa ya kuungaunga kama mimi, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi kumi. Nimeliwa laki tisa. Laki tisa ya upatu, zamu yangu niliyoisubiri tangu mfungo mosi. Ile picha mliyonipongeza nimevaa jaketi nimeifuta. Wiki nzima sikupokea simu ya mtu kwa aibu.

Tangazo mnalijua, lilipita makundi yote: regileta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), oktopasi (mdomo wake wa akiba), geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, jaketi la kujazwa hewa la kuelea, mtungi wa alumini, mzungu anarudi kwao, bei ya kutupa. Na msiseme nilituma pesa kwa mtu nisiyemwona. Nilikwenda mwenyewe. Nilipanda boti ya asubuhi, nikavuka pantoni, saa tano niko mlangoni kwake. Wetisuti mbili, suti za kuzamia, zinachuruzika maji kwenye kamba. "Karibu mdogo wangu," chai ikaja, akaniuliza habari za mkondo wa kisiwa cha Mnemba, akamtaja mwalimu wangu kwa jina. Adhuhuri ilipoadhiniwa tukaenda kuswali pamoja, bega kwa bega. Mtu kama huyo ningemshukuje?

Tuliporudi akafunga regileta kwenye mtungi mbele yangu, akafungua hewa taratibu, ule mlio wa mpira kujaa nikausikia. Geji ikapanda mpaka baa 190. Akanipa mdomoni, akasema, "Vuta, lakini macho yako yawe kwenye geji. Mshale ukicheza unapovuta, usinunue." Nikavuta. Hewa baridi, kavu, tamu kabisa, na mshale umetulia tuli. Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anakufundisha mwenyewe namna ya kumkagua, utasema ni mwizi? Akanivisha jaketi, akakaza mikanda, akajaza hewa mpaka likanibana mbavu, akapiga picha kwa simu yangu. Picha ile ile. Nilijiona nimeshakuwa kiongozi wa wazamiaji, sikodi tena, sisubiri vifaa vya wageni vikauke.

Kisha akafunga hewa, akaitoa yote kwa kubonyeza kitufe, akafungua regileta. Na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Geji haikurudi sifuri. Mshale ulibaki kwenye 40. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hii?" Akajibu bila kupepesa jicho, "Bado kuna hewa kwenye mpira, itashuka yenyewe." Nikanyamaza. Nimesoma kozi, najua regileta yenye hewa ndani haifunguki mtungini kwa mkono, skrubu inakaza kama imechomelewa. Yeye aliifungua kwa vidole viwili. Mpira ulikuwa mtupu. Nililijua hilo na bado nikahesabu pesa nikampa.

Fikirieni maana yake. Sisi tunafundishwa kuwa juu ukiwa umebakisha 50. Kwa geji ile, 50 yangu ni 10. Ningekuwa mita ishirini na kitu na mgeni pembeni, najiona nina akiba, kumbe navuta za mwisho.

Alhamdulillahi mwalimu alikataa nishuke nayo kabla ya kujaribu gatini. Tulitumia mtungi wa kituo cha kuzamia, maana ule wangu kijana wa kompresa, anayejaza mitungi, aliupapasa shingoni tu akasema hataujaza. Mita tatu tu, na kila nikivuta pumzi naingiza maji ya chumvi. Jaketi likaanza kutoa mapovu kwenye mshono wa bega. Tulipolikausha tukakuta mshono umezibwa kwa gundi ya viatu. Fundi akafungua regileta: kile kichujio kidogo cha pale regileta inapofungwa kwenye mtungi kimeota kijani, maana yake maji ya bahari yaliingia ndani siku nyingi. Akavuta kifuniko cha mpira wa shinikizo, chini yake umepasukapasuka kama kisigino. Mtungi muhuri wake wa mwisho wa kupimwa ni wa 2008, na vituo vya hapa vinataka kila miaka 5. Namba ya jaketi na ya regileta zimesuguliwa kwa tupa. Zimesuguliwa! Huyu mtu si muuzaji wa mitumba, huyu anauza mali ya wizi, kuna kituo cha kuzamia kinaitafuta.

Nataka akamatwe. Sitaki anirudishie pesa kimyakimya kama alivyonipigia jana na kunibembeleza "tuyamalize kiudugu". Udugu gani wa mtu anayemuuzia mwenzake kifo? Atolewe kwenye makundi yote, manahodha wamkatae, afungwe. Aliyeziba jaketi kwa gundi ya viatu alijua kuna mtu atashuka nalo chini.

Kwa mliokwisha ahidiana naye: mwambieni azibe tundu la regileta kwa kifuniko chake bila mtungi, kisha nyonyeni. Mkipata hewa, acheni hapo hapo. Jaketi lijazwe jioni, litazamwe asubuhi. Akikataa kungoja, ondokeni. Mwalimu wangu alishaniambia tangu mwanzo, nunua maski, mapezi na kompyuta ya kuzamia, regileta ije mpya au kwa fundi unayemjua, na mtungi ukodi tu. Mimi nikaona ananichelewesha.

Jina lake siandiki, polisi wamenizuia, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Lakini mliokuwa kwenye kundi lile mnamjua. Yeyote aliyeuziwa naye asione haya kama nilivyoona mimi, aje na vifaa vyake kabla ya Jumatatu, twende kituo cha polisi pamoja. Shahidi mmoja, wameniambia, hatoshi.