Paka anakohoa: umtazame nyumbani au umpeleke kwa daktari?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda: brashi, na simu ya kumrekodi, basi. Paka wangu huinama juu ya mkeka (mkeka tu, sakafu nzima haioni), tumbo likijikunja, mwisho anatapika donge refu la manyoya. Hilo ni la tumboni, na tangu nianze kumchana kila siku limepungua.

Kwa uhakika, daktari wa mifugo yuko mbele. Kikohozi hufanana mno na kutaka kutapika: paka hujibana chini, hunyoosha shingo, hukohoa, humeza mate, na hakitoki kitu. Huenda ni pumu, na moshi wa udi chetezoni huichochea. Ila macho matupu hayatofautishi pumu na minyoo ya mapafu.

Muda nao: anayekaa Mjini Unguja, karibu na daktari, si sawa na aliyeko Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Aliye mbali amhesabie paka pumzi akiwa amelala. Zikiwa chini ya 30 kwa dakika, na anakula, anaweza kungoja kesho, video mkononi. Akihema mdomo wazi au fizi zikigeuka buluu, asingoje hata kukuche. Panadoli usimpe kabisa, huua paka.