Vifaa vya kujihami kwa mwanamke wa zamu ya usiku: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Mwanamke anayefunga duka peke yake saa sita usiku, muuguzi anayetoka wodini kabla ya alfajiri, msafishaji wa ofisi, mlinzi wa kike getini: wote wakitafuta kifaa cha kujihami hukutana na matangazo mengi, na karibu kila tangazo linauza hasira. Kifaa kina rangi nyeusi na picha ya fuvu, na kinaahidi kumwangusha mtu kwa mguso mmoja. Mimi napima kwa jambo jingine. Kifaa kizuri ni kile kinachokupa sekunde chache za kuondoka ukiwa mzima, bila kumuua mtu na bila kukufikisha mahakamani wewe uliyeshambuliwa.

Kwa hiyo kila kifaa hapa chini nimekiuliza maswali matatu. Je, utaweza kukitumia kwa mkono mmoja, gizani, bila kukitazama? Hofu kali huondoa ustadi wa vidole, na kitufe kidogo ulichokibonyeza vizuri ukiwa umekaa kitandani kinaweza kukushinda kabisa. Pili, akikunyang'anya, atakufanyia nini nacho? Tatu, sheria ya mahali unapofanya kazi inasemaje?

Nianze na hilo la sheria, kwa sababu wengi hulifikia wakiwa wameshalipa. Sprei ya pilipili inauzwa kihalali katika majimbo yote ya Marekani, ingawa kila jimbo lina masharti yake ya umri au ukubwa wa kopo. Uingereza sprei hiyohiyo imo katika Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968 kama silaha iliyopigwa marufuku, na kukutwa nayo mfukoni ni kosa. Kanada imekataza sprei iliyotengenezwa kutumiwa dhidi ya binadamu. Ujerumani zinauzwa zikiwa na maandishi kwamba ni za kufukuzia wanyama. Kifaa ni kilekile, hukumu ni tofauti. Tena Uingereza hata kitu cha kawaida, mathalani kopo la manukato, kinaweza kuhesabiwa silaha ukisema umekibeba ili kumdhuru mtu. Basi kabla ya kununua, uliza kituo cha polisi au mtu wa sheria mambo mawili: je, ninaruhusiwa kukimiliki, na je, ninaruhusiwa kutembea nacho hadharani? Haya ni maswali mawili yenye majibu yanayoweza kutofautiana. Na popote pale kanuni ya kujihami iko karibu sawa: nguvu uliyotumia iwe ya lazima, ilingane na hatari, na ikome hatari inapokoma.

1. Tochi nzuri

Najua wengi wangeanza na pilipili. Mimi naanza na tochi kwa sababu ndicho kifaa pekee kwenye orodha hii kinachofanya kazi kabla ya shari. Kinakuonyesha aliyesimama nyuma ya gari ukiwa bado mbali, nawe ukageuza njia. Unakitumia kila usiku, kwa hiyo mkono wako unakizoea bila mafunzo yoyote. Ukiangusha funguo unakitumia, umeme ukikatika unakitumia. Na hakuna askari atakayekuuliza kwa nini mfanyakazi wa usiku amebeba tochi.

Mwanga mkali usoni una kazi nyingine. Jicho lililozoea giza huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kurudia uwezo wake wote baada ya kupigwa na mwanga mkali. Mtu aliyemulikwa ghafla haoni mikono yako, haoni umeelekea upande gani, na anajua kwamba wewe umemwona sura. Wengi wanaovizia hutegemea kutoonekana.

Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, 300 hadi 500 zinatosha. Kuwa mwangalifu na tochi zinazotangaza lumeni elfu mia moja kwa bei ya chini sana. Tafuta kwenye boksi alama ya kipimo cha ANSI FL1, inayoonyesha kwamba mwanga, umbali na muda wa chaji kudumu vimepimwa kwa utaratibu mmoja. Kubwa kuliko lumeni ni kitufe. Kiwe mkiani mwa tochi, pale kidole gumba kinapolala chenyewe, na mbonyezo wa kwanza utoe mwanga wote. Tochi inayoanza na mwanga hafifu, kisha wa kati, kisha wa kumetameta, ni ya kupiga kambi. Urefu uzidi ngumi yako kidogo. Kinga ya maji ya kiwango cha IPX4 inatosha kwa mvua. Betri ya lithiamu ya kuchaji ni bora kuliko betri kavu za kawaida, ambazo zikikaa muda mrefu huvuja na kuharibu tochi kimyakimya.

Usinunue ile yenye meno ya chuma kwenye ukingo wa kioo. Meno hayo hayakuongezei usalama wowote, lakini yanaigeuza tochi kuwa silaha machoni pa askari. Na taa ya simu haitoshi: ni hafifu, na inatoa nje simu, kitu ambacho huenda ndicho anachokitaka.

2. King'ora cha mkononi

Ni kidude kidogo cha kuning'iniza kwenye mkanda wa mkoba. Ukichomoa pini kinalia bila kukoma. Ni halali karibu kila mahali, ni rahisi kununua, na akikunyang'anya hawezi kukudhuru nacho.

Tangazo litakuambia desibeli 130 au 140. Uliza zimepimwa kwa umbali gani, maana sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kilichopimwa desibeli 130 kwenye sentimita 10 kinabaki na 110 hivi kwenye mita moja, 90 kwenye mita kumi, na 70 kwenye mita mia, yaani sauti ya mtu anayeongea kwa nguvu. Bado kinaumiza masikio ya aliye karibu nawe, na hilo peke yake linaweza kumfanya akuachie.

Chagua cha pini, si cha kitufe. Kitufe kinaweza kuzimwa na yeyote atakayekishika. Pini ukiichomoa na kuitupa mbali, sauti inabaki. Kifunge nje ya mkoba, upande wa mkono unaoutumia zaidi, na ukijaribu mara moja kwa mwezi huku umeziba masikio. Betri zake ndogo hufa bila kukuarifu.

Udhaifu wake ni mkubwa na lazima usemwe. King'ora kinaita watu, na wewe unafanya kazi peke yako. Kama eneo lako lina nyumba, walinzi au barabara yenye magari usiku, nafasi ya pili ni haki yake. Kama ni ghala nje ya mji lisilo na jirani, kishushe, na sprei ya pilipili ipande juu kabisa.

Filimbi nayo ni msaada mzuri wa pembeni. Zile zisizo na kijiwe ndani, kama Fox 40 iliyobuniwa na refa wa mpira wa kikapu wa Kanada Ron Foxcroft na kuanza kuuzwa 1987, hulia hata zikiwa zimelowa. Lakini filimbi inahitaji pumzi, na mtu aliyekabwa hana pumzi.

3. Sprei ya pilipili, mahali inaporuhusiwa

Katika vifaa vyote halali na visivyo vya kuua, hiki ndicho chenye uwezo mkubwa zaidi wa kumsimamisha mtu ambaye tayari ameamua. Mafuta ya pilipili hufumbisha macho, huwasha ngozi na kubana pumzi kwa dakika 30 hadi 45, kisha madhara hayo huisha yenyewe kwa watu wengi. Kwa mwenye pumu yanaweza kuwa hatari kweli, na kama mwenye pumu ni wewe, fikiri mara mbili kabla ya kukibeba.

Soma kopo vizuri. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, asilimia 10 au 18 ya mafuta ya pilipili, haikuambii ukali. Ukali uko kwenye asilimia ya kapsaisini, kemikali ya pilipili inayowasha, ambayo kwa sprei za kujihami huwa kati ya 0.18 na 1.33 hivi. Kampuni isiyoiandika ina sababu yake. Nenda kwa nyingine.

Halafu kuna namna inavyotoka. Ya ukungu hulenga kwa urahisi kwa sababu inatawanyika, lakini upepo ukikujia usoni unapata wewe, na ndani ya chumba kidogo mtakohoa wote wawili. Ya mkondo mwembamba hufika mita tatu au zaidi na haibebwi sana na upepo, ila inadai shabaha. Ya jeli hushika usoni kama gundi, haisambai hewani, na kwa mtu anayefanya kazi ndani ya jengo, nyuma ya kaunta au kwenye lifti, hiyo ndiyo ningemshauri. Inachelewa kidogo kuanza kuuma, kwa hiyo usisimame kungoja matokeo. Puliza ukivuka macho kutoka upande hadi upande, huku unarudi nyuma, kisha ondoka.

Kampuni nyingi huuza kopo la mazoezi lenye maji tu. Linunue pamoja na la kweli. Anayejaribu kufungua kizuizi cha usalama kwa mara ya kwanza usiku wa shari amebeba uzito bure. Angalia pia tarehe ya mwisho: muda wa kawaida ni miaka miwili hadi minne, kwa sababu gesi inayosukuma dawa huvuja polepole hata kama hujaitumia. Usiliache kopo ndani ya gari lililoanikwa juani, kwani joto linapozidi nyuzi 50 linaweza kupasuka. Na usiingie nalo kwenye ndege. Kwenye mzigo wa mkononi halikubaliki.

Ikikupata wewe mwenyewe, usisugue macho. Nenda kwenye hewa safi, pepesa macho, osha kwa maji mengi ya baridi, na ngozi uioshe kwa sabuni laini isiyo na mafuta.

Dada, tafadhali usijitengenezee nyumbani. Chupa iliyojazwa pilipili ya unga huziba, na ile iliyojazwa dawa ya kufulia au tindikali inaweza kumpofusha mtu maisha. Hapo sheria haitakutazama tena kama mtu aliyejihami.

4. Kitufe cha dharura

Kabla ya kununua chochote, washa kilichomo kwenye simu yako. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12, na za iPhone, zinaweza kupiga namba ya dharura ukibonyeza kitufe cha pembeni mara tano haraka. Ingia kwenye mipangilio, weka namba za watu wako, kisha waambie watakachokiona simu yako ikiwatumia ujumbe. Ukihitaji zaidi, kuna vidude vya kuvaa shingoni vilivyotengenezwa kwa wafanyakazi wa peke yao: vina kitufe, vinatambua ukianguka, na vinatuma mahali ulipo. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: nikibonyeza saa tisa usiku, nani anapokea? Kama jibu halina mtu aliye macho, umenunua pambo.

5. Sprei ya rangi

Humwachia mtu doa usoni ambalo haliishi kwa kuoga mara moja. Ni ya mahali ambapo pilipili imekatazwa, nayo pia isiwe na kemikali ya kuumiza. Inasaidia kumtambua baadaye. Kumzuia, kidogo sana.

6. Vifaa vya shoti ya umeme

Naviweka mwisho kwa makusudi. Vile vya kugusa vinahitaji uwe umekaribiana naye mwili kwa mwili na kumkandamizia kwa sekunde kadhaa, hali ambayo unapaswa kuikimbia. Matangazo ya "volti milioni" si ya kweli: umeme huruka hewani takribani sentimita moja kwa kila volti 30,000, kwa hiyo volti milioni zingeruka zaidi ya sentimita 30, na cheche za vifaa hivi hazifiki hapo. Vya kurusha nyaya kama TASER ni tofauti na vina nguvu kweli, lakini vinahitaji ncha zote mbili zishike, koti zito linaweza kuvizuia, na watu wamewahi kufa baada ya kupigwa navyo. Uingereza vyote viwili ni marufuku.

Viache kabisa vining'inio vya funguo vyenye masikio makali ya paka, vijiti vya chuma na ngumi za chuma. Vinahitaji nguvu, ukaribu na mafunzo, na katika nchi nyingi ngumi ya chuma ni silaha haramu hata ikiwa na rangi ya waridi. Funguo zilizopachikwa kati ya vidole huchana vidole vyako mwenyewe.

Kama una fedha ya kitu kimoja zaidi baada ya tochi na king'ora, ilipie darasa. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Charlene Senn walichapisha matokeo ya mafunzo ya saa 12 kwa wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu: ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi lililofunzwa walikuwa asilimia 5.2, na katika kundi lisilofunzwa 9.8. Mafunzo hayo hayakuwa ya mateke peke yake. Yalifundisha kuitambua hatari mapema na kukataa kwa sauti bila kuona haya. Baada ya hivyo viwili, hakuna kifaa kingine katika orodha hii ambacho ningekiweka mbele ya darasa la namna hiyo.

Na si haki gharama zote zitoke kwenye mshahara wako. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unataja waziwazi safari ya kwenda na kurudi kazini. Katika nchi zilizouridhia, mwajiri ana la kujibu. Mwandikie barua, ubaki na nakala: taa kwenye maegesho, kufuli inayofungwa kwa ndani, kitufe cha dharura chini ya kaunta, mtu wa kukupigia kila baada ya muda fulani, na usafiri wa kurudi nyumbani. Mkiandika wengi wa zamu moja na kutia saini pamoja, ni vigumu zaidi barua hiyo kuwekwa kando.