Msimu mmoja na sensa ya mto, Kyela: taa nimeipenda, meseji bado

Sensa hii si ile ya watu na makazi. Ni kidude kidogo cha kupima maji, kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma juu ya drifti, yaani kivuko cha zege ambacho mto ukijaa unapita juu yake, kwenye barabara ya vumbi ninayopita kila siku na Noah yangu. Madereva na wakulima tulichangishana, fundi kijana kutoka Mbeya mjini akaja kukifunga mwezi wa pili. Nimekitumia mpaka mvua zilipokatika.

Kwa asiyeijua Kyela: mto wetu hausubiri mvua yetu, unashusha ya milimani Rungwe. Huku jua kali, watu wameanika kakao, kumbe Tukuyu, huko huko Rungwe, kumenyesha tangu usiku. Baada ya muda drifti imezama. Zamani tulimpigia boda wa ng'ambo. "Kaka, maji yamefika wapi?" "Magotini." Magoti ya nani, hasemi.

Kidude kinapeleka chini sauti isiyosikika, inagonga maji na kurudi, chenyewe kinahesabu muda. Maji yakipanda, safari ya sauti inafupika. Fundi alipima kuanzia juu ya zege la drifti, kwa hiyo namba unayopata ni kina cha maji barabarani, si cha mto. Sentimita 15 inawaka taa ya njano, 30 nyekundu, na meseji inakuja. Nilimbishia hiyo 30, nikamwambia hayo ni maji ya kunawia miguu. Akanijibu kwamba maji ya kina hicho yakienda kasi yanaweza kuinua gari dogo, na 60 yanaondoka na magari mengi, hata yale marefu ya porini. Nikanyamaza.

Taa ndiyo iliyonipa raha. Usiku mmoja wa mwezi wa nne niliiona nyekundu tangu kwenye kona, nina abiria saba na magunia. Konda akasema, "Bosi, tusogee tuone." Sikusogea. Tulikaa pale saa mbili na nusu, mama mmoja akinisema muda wote.

Meseji ya usiku ule? Iliingia nikiwa nimeshazima gari chini ya taa, natafuna hindi. Mvua ikizidi mtandao unakata, halafu alfajiri zinaingia tatu kwa mpigo. Kibaya zaidi, kuna siku nne hazikuja kabisa, nami nikajua mto umetulia. Kumbe mawingu yaliinyima sola jua, betri imekufa. Nikamwomba fundi kidude kitume neno kila asubuhi hata kama hakuna maji, na amefanya hivyo. Siku hizi kisipotuma, nampigia boda.

Kuna mengine ya kuchekesha. Gogo la mgomba lilinasa chini yake, kikatutangazia mafuriko siku tatu barabara ikiwa kavu.

Lililoniuma ni shimo. Maji yalishuka, taa ikazima, nikaingia wa kwanza kwa mbwembwe, tairi la mbele likatumbukia pale mto ulipokula ukingo wa zege. Kidude kinapima maji, hakioni barabara iliyo chini yake. Sasa taa ikizima, konda anatangulia kwa miguu na fimbo.

Taa naipa nyota nne, meseji mbili. Mchango wa msimu ujao nimeshatoa, ila nimesema wazi kwenye kikao: cha pili kifungwe juu huko mto unakotoka, tupate habari maji yakiwa bado njiani.