Tathmini ya huduma ya ushauri wa ajira kwa wauguzi: kufundisha chuoni au kwenda wodini Uingereza

Muuguzi mwenye shahada ya uzamili, aliyepewa nafasi ya Mhadhiri Msaidizi hapa Dar es Salaam huku akiwaza kazi ya wodini Uingereza yenye mshahara mnono zaidi, hakosi ushauri wa ndugu na jamaa. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye chini wakapiga hesabu. Ndiyo maana nililipia huduma ya ushauri wa ajira katika ofisi moja ya hapa jijini, na kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo.

Mshauri, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi wodini, hakuanza na mshahara. Alinipa karatasi niandike wiki yangu saa kwa saa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Jumatano saa tisa usiku utakuwa wapi, na mtoto atalala na nani?" Alinieleza kwamba muuguzi wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, aliyeajiriwa kwa muda wote hufanya kazi saa 37.5 kwa wiki, na kwamba wodini saa hizo mara nyingi hupangwa katika zamu ndefu za saa 12 hivi, mchana na usiku, kwa hiyo siku za mapumziko huwa nyingi lakini huangukia popote. Tulipotoa kodi ya mapato, pango, nauli na gharama za malezi ya mtoto, kilichobaki bado kilizidi mshahara wa chuo, ila si kwa kiasi kinachosimuliwa mitaani.

Nilipenda pia ukweli wake. Alisema wazi kwamba Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuzifuata kutafuta wauguzi, ingawa muuguzi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, na kwamba wakala anayedai fedha ili akutafutie kazi huko anakiuka kanuni. Ada yake ilikuwa ya ushauri tu, na risiti nilipewa. Mitihani ya kusajiliwa kuwa muuguzi huko, ukiwamo ule wa vitendo wenye vituo 10, aliieleza bila kuipamba.

Upungufu uko upande wa chuo. Kazi ya kufundisha aliichukulia kama kazi yenye wasaa mwingi, basi. Ni kweli hakuna zamu za usiku, na mihadhara unaweza kuiandaa nyumbani. Lakini marundo ya karatasi za mitihani nayo hufuata nyumbani, na wanafunzi walioko mazoezini hospitalini wanahitaji kusimamiwa. Zaidi ya hayo, kutoka Mhadhiri Msaidizi kwenda Mhadhiri kwa kawaida kunadai shahada ya uzamivu, na baada ya hapo vyeo hufuata machapisho. Hakuniuliza nani atailipia shahada hiyo, ilhali kwangu ndilo swali zito kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloamua kama mshahara mdogo ni wa kupita au ni wa kudumu.

Anayechagua kati ya hospitali na hospitali namshauri aende bila kusita. Aliyepata nafasi chuoni abebe mkataba na kanuni za kupandishwa vyeo, aombe visomwe kifungu kwa kifungu. Nilifanya hivyo tulipokutana tena, na mshauri, kwa unyenyekevu uliompandisha machoni pangu, alinisaidia kuandika barua ya kuomba kifungu cha ruhusa ya masomo yenye malipo. Chuo kilikikubali kwa maandishi, nami nikasaini.