Mbavu mbili mpya za kabati la sinki, na graniti haikung'olewa: uzoefu wangu

Anayeishi mtaa wa Donholm, Nairobi, anaujua mchezo wa maji ya mgao. Unafungua mfereji mchana, kimya. Unaenda shughuli zako bila kuufunga, na saa nane usiku maji yanarudi wewe umelala fofofo. Mimi nilishtuka nilipokanyaga maji nikielekea chooni. Kitambaa cha vyombo kilikuwa kimeziba tundu la sinki, na mafuriko yalikuwa yameshabisha hodi sebuleni.

Nilipangusa, nikaanika mazulia, nikajua yameisha. Wiki mbili baadaye ubavu wa kabati la sinki, ule unaotazamana na friji, ulikuwa umenenepa kwa chini kama andazi. Ngozi yake nyeupe ilipasuka, zikaanza kudondoka pumba. Bodi hizi tunaziita mbao kwa heshima tu. Ni chembechembe zilizoshindiliwa kwa gundi, na zikishafura haziywei tena, hata uziwashie feni mwezi mzima.

Fundi wa kwanza hakuchuchumaa hata kidogo. Alisimama mlangoni akasema makabati yote ya chini yang'olewe, shilingi 85,000. Wa pili alitaka 3,000 abandike fomaika, ile karatasi ngumu ya kufunikia mbao, juu ya ule uvimbe. "Mama, mgeni hatajua." Mgeni hangejua, sawa, lakini graniti iliyolala juu yake je?

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Kuna makabati ambayo ubavu wa nje ni pambo, bodi ya pili iliyofungwa juu ya ule wa kweli. Fungua mlango, mulika ndani: ukiona vichwa vya skrubu zilizopigwa kuelekea nje, na ukingo wa mbele unaonyesha bodi mbili zilizogandana, una bahati, kwa sababu hiyo ya nje inatoka bila kubomoa chochote. Yangu ilikuwa bodi moja tu, na ndiyo iliyobeba kila kitu. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita moja ya mraba, bado hujajaza sinki.

Fundi wa tatu nilielekezwa na jirani wa ghorofa ya juu. Huyu alilala sakafuni kabisa, tochi ya simu mdomoni, akawa anachomachoma bodi kwa bisibisi. Akagundua ubavu wa pili, unaopakana na droo, nao umeliwa ingawa kwa nje ulikuwa mzima. Alitaka 6,000 za kazi, vifaa ninunue mwenyewe. Nilimpenda hapo hapo.

Bodi nilinunua katika duka moja la Eneo la Viwanda, mojawapo ya yale yanayokukatia kwa mashine ukisubiri na kubandika utepe wa plastiki kwenye kingo. Nilipanda matatu nimekumbatia mlango wa kabati ili nilinganishe rangi, kondakta akaniuliza kama nahama. Msijisumbue kama mimi. Nyeupe ya dukani na nyeupe iliyokaa jikoni miaka tisa ikipikiwa samaki hazijuani.

Niliomba MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya kustahimili unyevu, ile yenye kijani ndani. Muuzaji alikuwa mkweli kuliko nilivyotarajia: kijani ni rangi ya kuitambulisha tu, nguvu iko kwenye gundi, na inastahimili unyevu, si kuogeshwa. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ilinigharimu 5,400. Nusu hawauzi.

Lalamiko langu kuhusu duka hilo ni hili. Vipande vilitoka vimebandikwa utepe ukingo wa mbele peke yake. Nikauliza, nikajibiwa kwamba kingo nyingine hazionekani. Lakini ukingo usioonekana, ule wa chini, ndio uliokunywa maji yote yale! Nilirudi kwenye foleni, nikalipia utepe wa ziada, saa moja na nusu ikapotea. Kwa hiyo ukifika kaunta, kabla hujatoa simu kulipa, tamka: kingo zote nne.

Jumamosi fundi alifunga maji, akatoa milango, droo na mabomba ya chini ya sinki. Kisha akasimamisha vipande viwili vya mbao chini ya graniti, kimoja kila upande wa sinki, akavikaza kwa kabari na vitambaa juu visikwaruze. Alikuwa mwangalifu zaidi hapo kwenye sinki, kwa sababu graniti iliyobaki mbele na nyuma ya tundu ni nyembamba kama mkanda na ndipo inapopasuka. Silikoni, ile gundi laini ya kuzibia, aliikata kwa wembe polepole. Bodi ya zamani ilitoka vipande vipande.

Mbavu za zamani zilikuwa zimesimama juu ya vigae moja kwa moja, miguu majini. Hizi mpya alizifupisha sentimita 10, akafunga miguu ya plastiki ya kuzungusha chini ya sakafu ya kabati, na mbele akaweka ubao wa kuficha unaochomoka. Sasa maji yakimwagika nachomoa ubao napitisha mopu. Matundu ya bawaba aliyapima kutoka juu, kwenye sehemu ya bodi ya zamani iliyobaki nzima, kwa sababu kule chini bodi ilikuwa imeshapoteza umbo na ingemdanganya. Kitako cha bawaba hukaa milimita 37 kutoka ukingo wa mbele, na akikosea kidogo milango inaanza kugombana. Mmoja uligombana kweli, akaunyamazisha kwa skrubu ya kurekebishia.

Utepe, miguu, silikoni na pikapu vikiingia, nilitumia 15,200 kwa jumla. Duka nalipatia nyota tatu kati ya tano, mashine yao inakata sawasawa. Fundi nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu droo ya juu inakwaruza upande wa kulia, na kila nikimpigia ananiambia, "Mama, Jumamosi niko kwako." Jumamosi tatu zimepita. Bodi iliyobaki imeegemea ukuta nyuma ya mlango, inamsubiri pamoja nami.