Rejeksi, ile tafuta-na-badilisha ya edita: nyota moja. Au mbili. Ngoja nieleze kwanza

Mimi si mtu wa kompyuta. Nipo ofisi ya safari hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, na kompyuta nimezikuta tu mezani. Juzi juzi bosi akanipa kazi: ukurasa wetu wa safari una linki 62 za kubuku, zote zielekezwe kwenye fomu mpya. Kijana wa ofisi ya jirani akacheka. "Dada, unahangaika na moja moja? Edita hiyo, programu unayohariria ukurasa, inakubali rejeksi, yaani unaandika alama za mfano na yenyewe inatafuta kila kinachofanana nazo." Akaniandikia nyuma ya risiti, href ikiwa ni pale ukurasa unapotunza anwani ya linki: href=".*"

Nikaingiza. Nikabonyeza badilisha zote. Edita ikajibu kwa adabu zake: imebadilisha 1.

Moja! Naangalia ukurasa, umebaki kichwa na mkia. Serengeti hakuna, Ngorongoro hakuna, Tarangire imeliwa pamoja na bei zake. Kumbe kile kinyota (*), kinachosema "rudia mara zozote", hakina shibe: kinaanza kwenye alama ya kunukuu ya kwanza, hakisimami mpaka kifike ya mwisho kabisa. Ile nukta (.), inayosimamia herufi yoyote, kwa kawaida haivuki mstari, ningeokoa chochote, lakini aliyetutengenezea tovuti aliubana ukurasa mzima ukawa mstari mmoja. Kabla sijarudisha nyuma, umeme ukakata. Betri ya laptop yangu ilishakufa siku nyingi. Na edita ilishajisevu yenyewe, nani aliituma?

Yule kijana alipokuja hata pole hakutoa. "Haina shida hiyo, dada. Imefanya ulichoiambia." Nilichoiambia mimi, au ulichoandika wewe? Chai niliyommiminia nikainywa mwenyewe.

Haya, na haki yake niiseme. Nakala ya zamani nilikuwa nayo kwenye barua pepe. Jioni nikajaribu href="[^"]*", yaani beba chochote ila ukikuta alama ya kunukuu, simama. Imebadilisha 62. Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Kazi ya kutwa nzima imeisha kabla sijavuta pumzi! Hapo ningetoa nyota tano bila kubembelezwa.

Ila leo nimezoa linki za lodji kwenye maelezo ya safari kwa https?://\S+, yaani beba kila kinachoanza na http:// au https:// mpaka ukutane na nafasi, nikamtumia mgeni. Kila linki iliyokaa mwisho wa sentensi imebeba na nukta ya sentensi. Mgeni kanipigia mara mbili, hazifunguki, na bosi kasikia. Nyota mbili, basi. Zote mbili ni za jioni ile.